Redio ya Babu na Kurasa Zilizoanikwa Uani

Moshi ulianza kutoka kwenye redio ya Babu Jumamosi, saa moja na nusu jioni, na kabla yeyote hajatamka neno, ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa imekwisha kumiminwa juu yake.

Aliyemimina ni kijana wa Mjomba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, na alifanya kile anachofundishwa kila mtoto kufanya palipo na moto. Mjomba alikuwa bado ameshika koleo na nyaya mbili. Bibi alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, kanga ameivuta mpaka mabegani, maana jioni za Julai hapa Lulindi zina baridi inayoteremka kutoka uwandani. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Sanduku."

Ndipo sote tulipokumbuka kwamba redio ile ilikuwa juu ya sanduku la mbao la Babu, na kwamba maji yote yaliyopita kwenye redio yalikuwa yakiingia ndani kwa nyufa za kifuniko.

Redio yenyewe ni National ya bendi tatu, yenye kava la ngozi ambalo sasa limekuwa gumu kama gome la mkorosho. Babu aliinunua mwaka 1968 kwa fedha ya korosho. Alikuwa karani wa ushirika, mtu wa mizani na kalamu, na watu wa mtaa wetu walimjua kwa mambo mawili: hakupunja mtu kilo, na hakukosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Tangu afariki redio haikuwahi kuwashwa. Bibi aliifuta vumbi kila Ijumaa na kuirudisha mahali pake. Mwaka huu, ilipobaki wiki moja kufika Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, alimwambia mwanawe: "Nataka redio ya baba yako iseme tena nikiwa bado nasikia."

Mjomba si mtu wa kukataa neno la mama yake. Alifungua nyuma, akakuta vyuma vya kukamatia betri vimeliwa na kutu. Redio ile hutumia betri nne kubwa, yaani volti 6. Akachukua nyaya kutoka kwenye betri ya sola, ambayo ni ya volti 12, akaziunganisha moja kwa moja. Kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu redio ilinguruma, na Bibi akainua mkono kutunyamazisha. Kisha kikasikika kitu kimepasuka ndani, na moshi ukaja.

Tulifungua sanduku kwa mwanga wa tochi ya simu. Ndani mlikuwa na koti la Babu, rozari, kadi yake ya TANU, na madaftari mawili makubwa ya ushirika, yale yenye jalada gumu na mistari myekundu. Maji yalikuwa yamefika mpaka nusu ya daftari la kwanza.

Mimi ni mjukuu, na nilijua kuwa madaftari hayo yapo. Nilidhani ni hesabu za korosho. Usiku ule, tulipokuwa tukizitenganisha kurasa kwa ncha ya kisu ili zisigandane, ndipo niliposoma kwa mara ya kwanza. Safu zilikuwa zimechapwa zamani kwa ajili ya jina la mkulima, magunia, kilo, daraja na fedha. Babu alikuwa amezipa kazi nyingine. Penye jina la mkulima aliandika tarehe. Penye magunia na kilo aliandika habari, kwa herufi ndogo zilizobanana. Na kwenye safu ya daraja, mahali ambapo karani huandika kama korosho ni daraja la kwanza au la pili, aliandika jinsi sauti ilivyokuja usiku huo. Daraja la kwanza: imesikika vizuri. Daraja la pili: imekatikakatika. Usiku ambao hakusikia kitu aliandika "mvua" au "betri".

Yalikuwa madaftari ya vita. La kwanza linahusu vita ya ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, ya chama cha ukombozi cha Frelimo na Mreno, na la pili vita ya Kagera, yetu na Idi Amin wa Uganda.

Penye wino, maandishi yalikuwa yameanza kuvuja na kuwa mawingu ya samawati. Penye kalamu ya risasi hayakutikisika hata kidogo. Bibi alikumbuka sababu: kulikuwa na miezi ambayo wino haukupatikana dukani, na Babu alikasirika sana kuandika habari kubwa kwa penseli kama mtoto wa shule. Kurasa hizo za penseli ndizo zilizookoka.

Asubuhi tulianika. Kurasa nzima tulizibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, na zile zilizokuwa laini mno tulizilaza juu ya jamvi uani, kando ya mbaazi zilizokuwa zikikauka, kila moja ikiwa na kijiwe juu yake. Kijana aliyemwaga maji aliomba yeye ndiye akae azilinde, na alikaa, tangu jua linachomoza mpaka saa sita, bila kunywa uji. Alipoingia ndani kunawa uso, mbuzi wa jirani alipita uzio akifuata mbaazi. Tulipofika alikuwa amekwisha kumeza kurasa mbili, na ya tatu ilikuwa imening'inia mdomoni.

Tulihesabu tarehe. Ukurasa mmoja ulikuwa wa Februari 1969. Mwingine wa Septemba 1974. Mjomba aliposikia tarehe hizo alikaa chini juu ya kinu kilicholazwa, akashika kichwa. Kwa mtu yeyote wa upande huu wa Ruvuma, hizo si tarehe za kupoteza.

Alasiri jirani alikuja na kuku wawili, amewafunga miguu. Alipiga goti mlangoni, akasema, "Shikamoo, Mama. Nimekuja kuomba radhi na kulipa." Bibi alimtazama, akawatazama kuku, akasema: "Marahaba, mwanangu. Kuku rudi nao. Kama unataka kunilipa, kesho niletee mama yako."

Sikuelewa. Jirani naye hakuelewa. Lakini kesho yake mama yake aliletwa kwa bodaboda, bibi wa rika la Bibi, haoni vizuri tena, na wote wawili wakakaa mkekani kama walivyokaa miaka 50 iliyopita, redio ikiwa katikati yao, imekufa.

"Mume wangu," Bibi akaniita, kama anavyoniita tangu utoto wangu, "chukua kalamu. Ukurasa aliokula mbuzi tunaurudisha."

Wakaanza na Februari 1969. Wote wawili walikumbuka kwamba ilikuwa masika, na kwamba watu walibanana barazani kwa sababu ya mvua. Miaka ile Lulindi, kama Newala na vijiji vyote vya ukingoni, ilikuwa imepokea ndugu wengi kutoka ng'ambo, Wamakonde wa Msumbiji ambao wenyeji waliwaita Wamawia. Walianza kuvuka kwa wingi baada ya Frelimo kuanza vita tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, jimbo la Cabo Delgado. Mmoja wao alikuwa mchonga vinyago aliyepewa kiwanja nyuma ya nyumba yetu. Alijua Kireno, kwa kuwa alifanya kazi shamba la mkonge la Mreno. Kazi yake kila usiku ilikuwa moja. Taarifa ya Kiswahili ikiisha, Babu aligeuza kitufe taratibu, akaitafuta Sauti ya Frelimo kwenye masafa mafupi, na mchonga vinyago akasikiliza kwanza, kisha akawaambia watu yaliyosemwa, kwa Kimakonde na kwa Kiswahili.

Sauti hiyo ilitoka Dar es Salaam. Frelimo ilizaliwa huko huko tarehe 25 Juni 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake huko. Radio Tanzania, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilivipa vyama vya ukombozi muda hewani kwenye matangazo yake ya nje. Waliokuja kusema mbele ya kipaza sauti pale Barabara ya Pugu hawakuwa wa Frelimo peke yao. Walikuwapo wa ANC na PAC wa Afrika Kusini, wa SWAPO wa Namibia, wa ZANU na ZAPU wa Zimbabwe. Walikuwa vijana wakimbizi, wanasoma habari kwa lugha za mama zao, wakijua kwamba mama zao huenda wanasikiliza kwa siri. Ng'ambo ya Ruvuma, kukamatwa ukisikiliza Sauti ya Frelimo kulitosha kukufikisha mikononi mwa PIDE, polisi wa siri wa Mreno. Barazani kwetu watu waliisikiliza sauti ileile bila kumwogopa yeyote, na Babu alijua thamani ya jambo hilo. Alikuwa akiongeza sauti mpaka mwisho.

Tarehe 3 Februari 1969, Dkt. Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu.

"Habari ilipotoka," alisema mama wa jirani, "yule mchonga vinyago alikuwa na patasi mkononi. Huwa anachonga huku anasikiliza. Akaiweka chini."

"Akaiweka juu ya kizingiti," Bibi akamsahihisha. "Usiku ule hakutafsiri. Redio ilisema mpaka ikamaliza, yeye kimya. Na hakuna aliyemuuliza."

Nikaandika hivyo. Babu naye aliandika lake usiku huo, na sitalijua kamwe. Lakini mbuzi asingekula ukurasa ule, mimi nisingejua kwamba patasi iliwekwa juu ya kizingiti.

Mwezi Julai 1970 ulikuwa haujaguswa, wote kwa penseli. Mwezi huo Jenerali Kaúlza de Arriaga aliwatupa askari wapatao 35,000 katika operesheni aliyoiita Nó Górdio, ili kuimaliza Frelimo katika uwanda wa Wamakonde wa upande wa Msumbiji, kuzunguka Mueda. Daftari la Babu kwa wiki nzima lina safu mbili zinazogombana. Upande mmoja ameandika "Mreno anasema", upande wa pili "Frelimo wanasema", na katikati ameandika yale ambayo watu waliotoka Newala waliyasikia kwa masikio yao wenyewe, wakiwa wamesimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika na bonde la Ruvuma linaanza. Karani wa mizani hakununua neno la upande wowote kabla hajalipima.

Jumatano tulipanda basi mimi na Mjomba kwenda Masasi kwa fundi, redio ikiwa imefungwa kwenye shuka mapajani pake. Alikuwa hajasema mengi tangu Jumamosi. Njiani aliniambia, "Niliyoyaunguza si yangu." Ili kumpa moyo, nilimsimulia habari niliyoisoma kuhusu uwanda wetu huu na redio za vita, kwa sababu ni habari ambayo nadhani kila mtoto wa Masasi na Newala angepaswa kuijua.

Novemba 1917, vita kuu ya kwanza ilikuwa imefika huku. Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alikuwa anasukumwa kusini na Waingereza, risasi na dawa zinamwishia. Tarehe 21 Novemba Wajerumani wakarusha meli ya angani, L59, kutoka Jamboli nchini Bulgaria, imejaa shehena ya silaha na dawa, ije kutua kwenye uwanda wa Makonde. Ilivuka Mediterania, ikavuka jangwa la Misri, ikafika Sudan. Tarehe 23, ikiwa magharibi ya Khartoum, ikapokea ujumbe wa redio kutoka Ujerumani kwamba irudi, kwa kuwa mahali pa kutua pamekwisha kuchukuliwa na adui. Ikageuza. Ilikaa angani saa 95 na kwenda karibu kilomita 6,757 bila kutua. Siku mbili baada ya ujumbe huo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, akaendelea kupigana mwaka mzima mwingine. Waliolipa ni wapagazi na wakulima wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo na kunyang'anywa chakula, huku na ng'ambo.

Mjomba alitazama nje ya dirisha. "Kwa hiyo kabla ya kuwa na redio yetu wenyewe," alisema, "redio za wenyewe zilikwisha kupanga mambo juu ya vichwa vyetu." Nilimjibu ndiyo. Akaikumbatia National vizuri zaidi.

Fundi alikuwa mzee mwenye meza moja chini ya mwembe. Alifungua kifuniko, akanusa, akasema kapasita mbili zimepasuka na transista moja imeungua. Hakutulaumu. Alisema redio za namna ile zilitengenezwa ili zifunguliwe na kufungwa, na kwamba mtu aliyeitunza alikuwa akizipasha betri zake moto mekoni, maana aliona alama za vidole vya majivu kwenye kifuniko cha ndani. Ni kweli. Bibi ametuhadithia mara nyingi: betri zikichoka, Babu alizipanga mchana kwenye jiwe la jua, na usiku kando ya mafiga, ili zipate nguvu ya kumaliza taarifa moja zaidi. Betri hazikuwa rahisi kupatikana, na zilipopatikana zilikwenda kwanza kwenye redio, tochi ikangoja.

Tuliporudi nyumbani tulikuta wazee wawili wamekuwa watano. Habari ilikuwa imeenea mtaani kwamba Bibi anarudisha kurasa, na kila aliyewahi kukaa kwenye baraza ile alitaka kuweka neno lake. Walikuwa wamefika Septemba 1974.

Hapo walitofautiana, na nikaandika tofauti zao zote. Jambo ambalo hawakutofautiana ni tarehe 7 Septemba, siku Frelimo na Ureno walipotia saini mapatano mjini Lusaka. Radio Tanzania ilipotangaza, watu waliimba njiani mpaka asubuhi, na malori yaliyokuwa yakipeleka wapiganaji kutoka kambi ya Nachingwea yalipita Masasi mchana kweupe, taa zikiwaka. Mchonga vinyago alimpa Babu kinyago, mtu aliyeweka kiganja sikioni. Kipo mpaka leo juu ya mlango.

Mimi nikawaongezea wazee yale ambayo wao, kwa kukaa upande huu wa mawimbi, hawakuweza kuyaona. Redio ilichangia kuimaliza vita ile kuliko walivyodhani. Miezi michache kabla, usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1974, maofisa wa jeshi la Ureno waliochoshwa na vita za Afrika waliipindua serikali yao, na ishara ya kuanza ilikuwa nyimbo mbili zilizopigwa redioni Lisbon, moja usiku wa tarehe 24 na nyingine muda mfupi baada ya saa sita usiku. Atakayesikia ajue magari ya vita yanatoka. Na siku ileile ya Lusaka, walowezi waliopinga uhuru waliteka kituo cha redio cha Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, wakatangaza kwa siku tatu. Kilipokombolewa, neno la siri lililorushwa hewani lilikuwa la jogoo: jogoo, jogoo, kumekucha.

Mama wa jirani aliposikia hivyo alipiga makofi mara moja, taratibu. "Basi ndiyo maana," alisema, "mchonga vinyago alizunguka mtaa mzima anawika. Tulidhani amelewa uraka." Hilo nalo nimeliandika.

Daftari la pili halikulowa, lakini ndilo lililokuwa gumu kusoma, kwa sababu mmoja wa waliokwenda vita hiyo yumo humu nyumbani. Tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, na nchi nzima ikamsikia redioni akisema kwamba sababu ya kumpiga Idi Amin ipo, nia ipo na uwezo upo. Babu aliandika maneno hayo kwa bairo nyekundu, ambayo ushirika huitumia kwa madeni. Chini yake, baada ya wiki chache, kuna mstari mfupi: "Kijana ameitwa." Kijana ni Mjomba. Alikuwa na miaka 19, mgambo.

Kuanzia hapo safu ya daraja inabadilika. Haielezi tena jinsi sauti ilivyokuja, inaeleza Bibi amelala au hajalala.

Nilimuuliza Bibi alikuwa anasikiliza nini katika miezi ile yote. Alisema: "Jina. Redio inataja mji, inataja idadi ya vifaru, inapiga nyimbo za jeshi. Haitaji jina. Nilisikiliza kila siku nikijua haitalitaja, na nikimshukuru Mungu kila siku kwamba haijalitaja."

Mjomba alikuwa kando ya mlango. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe alituambia upande wake. Alituambia kwamba kikosini kwake kulikuwa na redio moja, na jioni walijipanga kuizunguka. Watangazaji walikuwa ndugu zao. Watu wa rika la Mjomba ukiwatajia David Wakati, Deborah Mwenda au Ahmed Jongo hawaulizi ni akina nani. Kusikia sauti iliyozoeleka ikisema saa ni mbili kamili kulimfanya ajue kwamba wakati huohuo baba yake ameegemeza mgongo ukutani Lulindi na anasikia sauti hiyohiyo. "Nilikuwa Masaka," alisema, "nasikia nyumbani kwetu kupitia Dar es Salaam." Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari 1979. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, na redio ya Uganda, iliyokuwa ikimsifu Amin miaka minane, ikatoa sauti ya Luteni Kanali David Oyite-Ojok akitangaza kwamba utawala wake umekwisha. Babu aliandika habari hiyo kwa mstari mmoja. Mstari unaofuata, kwenye safu ya daraja, umeandikwa: "Amelala."

Hapo Mjomba alitoka nje. Mwanawe, yule wa ndoo ya maji, alimfuata na kigoda.

Ijumaa redio ilirudi. Mjomba aliweka betri nne mpya kwa mkono wake, akahesabu kwa sauti: moja na nusu, tatu, nne na nusu, sita. Akawasha. Ilinguruma. Kwenye masafa mafupi, pale kidole cha Babu kilipokuwa kikisimama, kulikuwa na mvumo, halafu Kichina, halafu Kiarabu, halafu mvumo tena. Kwenye masafa ya kati tulipata Kiswahili kwa mbali, kinakuja na kuondoka. Bibi alitega sikio kwa muda mrefu. "Daraja la pili," alisema, na kijana akaliandika hilo kwenye ukurasa mpya, chini ya tarehe.

Tarehe 25 Julai tuliisikiliza nyumbani, watu 14 barazani. Huko Naliendele, Mtwara, yapo makaburi ya askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji, na kila mwaka siku hiyo taifa linawakumbuka mashujaa wake wa vita zote. Ni haki yao. Lakini kisa hiki kimenifundisha kwamba vita zile zilikuwa na watu wengine ambao hawana kaburi la kuwekewa ngao na mkuki. Kijana mkimbizi aliyesoma habari kwa Kimakonde kwenye studio ya Dar es Salaam. Fundi mitambo aliyelinda masafa yasipotee. Mchonga vinyago aliyetafsiri kila usiku na usiku mmoja akashindwa. Karani aliyezipasha betri moto. Mama aliyesikiliza jina lisilotajwa. Sauti ile haikuwa ya mtangazaji peke yake. Ilikamilika pale barazani, mtu alipoipokea, akaipima na kuipeleka kwa mwenziwe.

Kanda za Radio Tanzania zimehifadhiwa, maelfu kwa maelfu, na walio na dhamana nazo wanastahili kuungwa mkono ili zisioze. Kuhusu vita ya Kagera tunacho pia kitabu cha mwandishi wa habari Baldwin Mzirai, Kuzama kwa Idi Amin, cha mwaka 1980. Lakini hakuna kanda iliyonasa baraza. Hiyo imehifadhiwa katika vichwa vya watu wenye miaka 80 na zaidi, na hatuna miaka mingi nao. Mama wa jirani alifariki wiki tatu baada ya kuturudishia Februari 1969.

Basi ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyesikiliza redio miaka ile, usingoje moshi wala mbuzi. Nenda wiki hii. Keti naye jioni, muulize alikuwa amekaa wapi, nani alikuwa kando yake, betri zilitoka wapi, na nini kilisemwa usiku ule. Andika kwa penseli. Wino huvuja.